Mkoba wa Waziri

Asanteni. Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimekuja na mkoba huu wa ngozi, mnauona; mkanda wake umeshonwa mara mbili na bado unanuka ngozi. Mhadhara wangu wote, wa neno bajeti, umo humu. Mfaransa wa zama za kati angeuita bougette, yaani bouge ndogo, kifuko. Bouge nayo ni bulga ya Kilatini, na Warumi walilichukua neno hilo kwa Wagali, wenyeji wa Ufaransa ya kale.

Karne ya 15 likavuka maji. Waingereza wakasema budget, na kwa muda mrefu halikuhusu hesabu hata kidogo. Shakespeare, katika tamthilia yake The Winter's Tale, analitaja kwa maana ya mfuko wa ngozi ya nguruwe, wa fundi anayezunguka kuziba sufuria zilizotoboka. Basi!

Fedha ziliingiaje? Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1733 Robert Walpole, aliyeshika hazina ya Uingereza, alitaka kukaza ukusanyaji wa ushuru wa mvinyo na tumbaku. Watu wakachachamaa. Kikatoka kijitabu cha dhihaka, The Budget Opened, "Mkoba Umefunguliwa", kikimfanya Walpole mganga wa uongo anayefungua mkoba wake na kutoa dawa ya kila ugonjwa. Mnawajua hao, hata stendi zetu wapo. Kejeli ikanata. Waziri akisoma makadirio, ikawa kusemwa anafungua mkoba, mpaka makadirio yenyewe yakarithi jina la mkoba. Karne hiyohiyo Wafaransa wakaliazima upya kwa Waingereza: mtoto aliondoka na mfuko, akarudi na daftari la hesabu.

Sisi tukaliongezea irabu, likawa bajeti. "Makadirio ya mapato na matumizi" ni Kiswahili safi, ila nani ana pumzi ya kuyasema akiwa gengeni anapima nyanya? Mimi nasikitikia kibindo. Lile pindo la nguo kiunoni, wazee walimoficha senti zao, lilikuwa na kila sifa ya kupanda cheo kama bougette. Tukaliacha kwenye methali.

Sasa Juni ikifika, mtazameni Waziri wa Fedha akipigwa picha, mkoba mkononi. Magazeti huandika kwamba amebeba bajeti. Kwa Kifaransa cha kale hawajakosea: ameibeba kweli, hata kama ndani hamna kitu.