Stata haijafa: umeme unapopotelea njiani kwenye mashine kuukuu ya boti

Asalaam aleikum. Wazee wangu, manahodha, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta huko nyuma, ahsanteni kwa kuja. Jioni hii nina jambo moja: ufunguo unazungushwa, mashine haiwaki. Simaanishi mashine inayozunguka vizuri ikakataa kushika moto. Hiyo ni habari ya mafuta na plagi, tuiache. Nasema ile ambayo stata yenyewe, mota ya umeme inayoizungusha injini ipate kuwaka, haizunguki, au inazunguka kichovu.

Huu ndio msimu wake. Kusi imepungua, boti zinashushwa majini, na mashine zilizolala miezi kadhaa, huku kwetu Lamu kuanzia Shela na Matondoni hadi Kizingitini, zinaanza kudeka. Mwenyewe hubandika betri juu ya punda ikachajiwe. Ikirudi, mambo ni yale yale, basi inanunuliwa mpya. Mpya nayo ikishindwa, stata inafunguliwa. Pesa zimekwenda, na ubovu uko palepale kwenye waya, hakuna aliyeugusa.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ichaji kwanza ndipo uendelee. Lakini wengi wetu tukiona 12.6 tunafunika mita tukidhani tumemaliza. Mpira wa maji uliokunjwa katikati nao una presha kamili maadamu bomba la mwisho limefungwa. Fungua bomba ndipo utajua. Kwa hiyo pima wakati stata inavuta. Ikiwa betri iliyojaa inaanguka chini ya volti 9 na nusu hivi ufunguo ukizungushwa, hapo una haki ya kuishuku betri. Ikibaki juu na stata bado inazubaa, umeme unapotea njiani.

Tazameni hesabu. Stata ya dizeli ndogo yaweza kuvuta ampia 150. Weka kutu yenye ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya dukani haikioni sawasawa. Mara 150, ni volti 3. Volti hizo zinaishia kuwa joto kwenye kutu, na stata haizipati. Ndiyo maana baada ya kupiga stata mara mbili tatu, pitisha mkono kwenye viungo vyote: kile kilichopata moto ndicho mwizi wako.

Mita itakuthibitishia. Waya mmoja wa mita uweke juu ya kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, si kwenye kibanio chake. Wa pili uweke kwenye nati kubwa ya stata. Mwenzako azungushe ufunguo. Ukiona zaidi ya nusu volti, njia ya chanya ina kasoro. Sogeza waya wa mita kiungo kwa kiungo mpaka uikamate. Halafu rudia upande wa hasi, kutoka betri hadi bloki ya injini. Upande huu husahauliwa sana, na kwa mashine kuukuu mimi huanzia hapo: nati ya ethi, yaani ya waya wa hasi unaoshikwa kwenye injini, imefungwa juu ya rangi, chini yake kutu imejaa.

Nati ikionekana safi, kata ganda la waya kidogo nyuma ya kichwa chake. Shaba ikiwa nyeusi, au inatoa unga wa kijani, msasa hautasaidia. Chumvi imepanda ndani ya ganda. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, au weka waya mpya wa nyuzi nyingi, shaba iliyopakwa bati. Waya wa nyumba, jamani, uacheni nyumbani.

Dizeli inayopozwa na maji ya bahari ina mtego mwingine. Ukipiga stata muda mrefu bila mashine kuwaka, funga vali ya maji ya bahari. Pampu inasukuma maji kwenye ekzosi na hakuna moshi wa kuyatoa. Yakijaa hurudi kwenye silinda. Stata italia tak na kugoma, nawe utaendelea kulaumu umeme.

Ikiwa hakuna hata mlio, acha waya mnene. Angalia fyuzi, swichi ya ufunguo, na ile swichi ya gia inayozuia stata mpaka gia iwe nyutro. Tikisa gia huku umeshika ufunguo. Kasoro nyingi hujitaja hapo.

Mzee wangu hapo mbele anauliza kuhusu kuunganisha kwa bisibisi nati za solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku inayoipa stata umeme. Inafanya kazi, mzee, ila ukiunganisha zile nati mbili kubwa kwenye stata yenye solenoidi yake mgongoni, mota inazunguka patupu, gia yake haitoki kushika injini. Unganisha nati kubwa inayotoka betri na ile ndogo ya ufunguo. Stata ikikubali, stata ni nzima, shida iko kwenye swichi. Lakini umeiruka swichi ya gia, kwa hiyo hakikisha mwenyewe kwamba gia iko nyutro, la sivyo boti itaruka na wewe. Na kama ni mashine ya petroli iliyo ndani ya boti, usifanye kabisa: cheche moja juu ya mvuke wa petroli uliotuama kwenye ngama, huko chini kabisa ndani ya boti, inatosha kuilipua.