Mfanyakazi Anajifunza Saa Ngapi?

Ndugu waajiri, mameneja, na nyinyi mnaosimamia mafunzo katika kampuni zenu, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie faida za mafunzo ya mtandaoni kwa wafanyakazi. Najua jibu ambalo wengi mmekuja nalo: ni nafuu. Hakuna ukumbi wa kukodi, hakuna nauli, hakuna posho, mkufunzi halazwi hotelini. Ni kweli, na sitawachosha kwa kulithibitisha. Ila kwangu hiyo ndiyo faida ndogo kuliko zote.

Naomba nianzie mbali kidogo. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kutumia stempu ya peni moja, barua zikawa rahisi kutuma, na mwalimu mmoja aitwaye Isaac Pitman akaona mlango umefunguka. Alikuwa amebuni mfumo wa hati mkato, ule uandishi wa haraka ambao makarani walikuja kuutegemea sana. Akawa anawafundisha watu kwa posta. Mwanafunzi anafanya zoezi, analituma, Pitman analisahihisha na kulirudisha. Wanaosimulia habari hii husifu posta. Mimi nasifu kalamu ya kusahihisha. Bila ile kalamu Pitman asingekuwa mwalimu, angekuwa mtu wa kusambaza karatasi. Na kozi nyingi za kampuni leo ni karatasi za kusambazwa: video ya dakika arobaini, kitufe cha "endelea", cheti. Hakuna aliyesahihishwa chochote.

Sasa tuje kwenye faida yenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akajipima baada ya muda tofauti: kazi aliyoifanya mwanzo imemwokolea kiasi gani anapokariri upya? Baada ya siku moja, kilichobaki kilikuwa kama theluthi moja. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Ni kweli mfanyakazi wako hakariri silabi tupu, na jambo lenye maana hukaa kichwani zaidi. Lakini fikirieni semina ya siku tatu tuliyoizoea. Watu wanakaa asubuhi hadi jioni, wanamwagiwa mambo kama maji kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi kazini. Mwezi ukiisha, muulize mmoja wao. Atakukumbusha chakula kilivyokuwa kizuri.

Ebbinghaus huyohuyo aliona kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa yanashinda marudio yaliyorundikwa siku moja. Hapo ndipo mtandao unapoizidi semina. Huwezi kumwita mkufunzi leo kwa dakika kumi, umwite tena Alhamisi kwa dakika kumi, halafu wiki mbili baadaye kwa maswali matano tu. Simu ya mfanyakazi inaweza.

Na nasema maswali kwa makusudi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini wasome. Wengine wakairudia kwa kuisoma tena, wengine wakatakiwa waandike wanachokikumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojitahidi kukumbuka ndio waliobakiwa na mengi zaidi. Kwa hiyo jaribio dogo lisiwe polisi wa mwisho wa kozi. Liwe ndani ya somo, kila mara.

Kuna faida nyingine ambayo sioni ikitajwa katika matangazo ya wauzaji wa mifumo hii: aibu. Mtu wa miaka hamsini, mkuu wa idara, hajui kutengeneza jedwali kwenye kompyuta. Darasani, mbele ya vijana aliowaajiri mwenyewe, hatauliza. Atatikisa kichwa kama aliyeelewa. Peke yake mbele ya skrini atarudisha video mara saba, na hakuna atakayejua. Nimewaona watu wa namna hii, na wakishapata pa kukosea mbele ya mashine tu, wanajifunza kwa kasi ya kushangaza.

Lakini sasa niwakwaze kidogo. Kuna kampuni moja, siitaji, ilitangaza kozi ya lazima Ijumaa jioni na kutaka vyeti vyote Jumatatu asubuhi. Mhasibu mmoja aliniambia waziwazi: aliiacha video icheze huku anafua nguo. Cheti akapata. Je, alaumiwe? Mwajiri alichukua mapumziko yake na kuyaita mafunzo. "Jifunze wakati wowote" ikitoka kwa mwajiri, mara nyingi maana yake ni jifunze wakati wako.

Hata anayejifunza kwa hiari huangukia njiani. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungua kozi ya akili bandia mtandaoni, bure kwa yeyote. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa elfu ishirini na kitu. Hao walijichagulia wenyewe! Wa kwako umemchagulia wewe. Mpe basi saa yake ndani ya zamu, iandikwe kwenye ratiba kama kikao kinavyoandikwa, na msimamizi wake asimwite katikati. Gharama ya saa hiyo ndiyo gharama halisi ya mafunzo. Bei ya programu ni ya pili.

Na si kila kitu kiende huko. Sheria za usalama za kuendesha foklifti zinafundishika kwenye skrini. Kuiendesha, hapana. Vivyo hivyo kumtuliza mteja aliyefura. Hilo linataka mtu wa kuigiza naye, ana kwa ana.

Naona mkono kule nyuma. Unauliza utajuaje kama pesa yako imefanya kazi. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alipendekeza ngazi nne za kupima mafunzo: wameyapenda? wamejifunza? wanafanya kazi tofauti na zamani? biashara imepata nini? Wengi tunaishia ya kwanza kwa sababu fomu yake ni rahisi kujaza. Wewe una ghala, umesema? Basi kabla ya kozi hesabu mizigo iliyoandikwa vibaya kwa mwezi mmoja. Hesabu tena miezi mitatu baadaye. Na ukiweza, nusu ya zamu zianze kozi mwezi mmoja kabla ya nyingine, uone kama tofauti inatokea pale kozi ilipoanza au kila mahali. Swali linalofuata?