Chungwa, Ngege na Mdomo wa Anemoni

Hamjambo wana Kisumu? Asanteni kwa kuja na joto lote hili.

Nimepitia soko la Kibuye nikanunua vitu viwili: samaki aina ya ngege na chungwa. Ngege huyu nikimpasua mgongoni, kuanzia mdomo hadi mkia, napata nusu mbili zinazolingana. Kisu kikienda kombo kidogo, basi, ulinganifu umekwisha. Chungwa halina shida hiyo. Nalisimamisha, kikonyo juu, nalipasua upande wowote, mradi nipite katikati.

Yavuyavu, yule mnyama laini wa majini aliye kama mwavuli, kaumbwa kama chungwa. Na msidhani hayo ni mambo ya Mombasa tu. Hata humu Ziwa Victoria wamo wa maji baridi, wadogo kama sarafu.

Kwa nini duara? Ngege huogelea kwenda mbele, kwa hiyo anahitaji kichwa. Yavuyavu anaelea, na matumbawe, ambayo nayo ni wanyama wa duara, yameganda mwambani. Chakula huwajia kutoka pande zote, na adui vilevile. Yavuyavu wengi wamegawanyika sehemu 4 zinazolingana. Matumbawe yanayojenga miamba hufuata 6, na yale laini yana minyiri 8.

Hapa naomba tutulie kidogo. Yuko yavuyavu aitwaye Aurelia, ambaye mtoto wake ana mikono 8. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza walichokiona baada ya kumkata baadhi ya mikono. Hakuotesha mingine. Ile iliyobaki ilisogea polepole, siku moja, mbili, tatu, mpaka nafasi kati yake zikawa sawa tena! Kinachoisogeza ni misuli yake mwenyewe inayopigapiga anapoogelea. Kidonda hakikupona kwa kurudisha kilichopotea, bali kwa kupanga upya kilichopo. Mimi kila nikisimulia jambo hili mwili hunisisimka.

Sasa anemoni wa baharini, jamaa wa matumbawe. Kwa nje ni ua la duara kabisa. Mtazameni mdomo: si tundu la mviringo, ni mpasuo mrefu kama tundu la kifungo, na pembeni mwake kuna mfereji wenye vinyweleo vinavyoingiza maji. Huyu huwezi kumpasua upande wowote tu kama chungwa, ukapata nusu zinazolingana. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba jeni za jamii ileile inayopanga mgongo na tumbo kwa wanyama kama sisi zimo mwilini mwake, na mojawapo hufanya kazi upande mmoja tu wa mwili. Kwa hiyo vitabu vinavyomwita mnyama wa duara, akafungiwa hapo, vinamdhulumu.

Picha yake hii hapa mezani. Sogeeni, anzeni na mdomo.