Kuziba jino shingoni, karibu na fizi, bila gundi kuachia

Karibuni tena, madaktari wenzangu na wanafunzi. Leo tuko kwenye shingo ya jino, pale linapozama kwenye fizi. Sogezeni macho: kishimo hiki kina umbo la kabari, sakafu yake imekuwa ya manjano na inang'aa kama kioo. Hakina kuta za kukumbatia kijazo. Gundi ikiachia, kijazo kimedondoka, na ndiyo sababu watafiti hupenda kuzijaribu gundi mpya mahali hapa hapa.

Tazameni kingo zake. Ule wa upande wa kutafunia ni enameli, gamba gumu la nje la jino, ambayo karibu yote ni madini. Ule wa upande wa fizi mara nyingi hauna enameli kabisa, ni dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, yenye maji na kolajeni, yaani nyuzi za protini. Gundi ile ile inashika huku vizuri, kule inasitasita. Kijazo kikianza kuvuja, kwa kawaida huanzia upande wa fizi.

Kwanza chagua rangi sasa hivi, jino likiwa bado na unyevu. Likikauka huwa jeupe kuliko lilivyo, ukaja kujuta baadaye. Kisha safisha kwa unga wa pamisi (jiwe la kusugulia) na maji, usitumie dawa yenye mafuta. Ile dentini inayong'aa ikwaruze kidogo kwa keekee, maana imejaa madini na gundi haipenyi kirahisi.

Sasa ukavu. Hapa usiwe na haraka. Ingiza uzi wa fizi taratibu kwenye mfereji kati ya fizi na jino, uzunguke ukingo wote. Unaona fizi inavyosogea? Uzi unazuia pia yale majimaji yanayochuruzika kutoka ndani ya fizi. Damu ikitoka, izuie, lakini dawa ya kuzuia damu iondoe yote kwa maji, kwani mabaki yake huidhoofisha gundi.

Asidi ya fosforiki weka kwenye enameli tu, sekunde 15 hadi 30, kisha suuza vizuri. Ninatumia gundi ya kizazi kipya inayojichimbia yenyewe, kwa hiyo dentini naiacha bila asidi. Ukiichoma sana kwa asidi, kolajeni inabaki wazi kwa kina ambacho gundi haifiki, na baada ya muda huoza.

Chovya brashi, paka gundi, halafu sugua. Usipake tu kama rangi ya kucha! Sugua sekunde 20 kamili ukitazama saa. Mimi zamani nilihesabu kichwani, siku nilipojipima nikakuta 20 zangu ni 11. Sasa puliza hewa, kwanza polepole. Angalia uso wa gundi: bado kuna viwimbi vinavyokimbia. Endelea mpaka vitulie na pabaki utando unaong'aa. Kimiminika kikibaki ndani, gundi haigandi sawasawa. Mulika taa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ncha yake ikiwa karibu kabisa na jino.

Damu ikigusa sehemu kabla hujaweka kompoziti, kile kijazo cha rangi ya jino kinachogandishwa kwa taa, suuza, kausha, paka gundi upya. Na kama fizi haikubali kukauka hata ufanyeje, achana na kompoziti, tumia glasi ayonoma, kijazo cha aina nyingine. Yenyewe hushikana na madini ya jino, na huvumilia unyevu zaidi.

Kompoziti weka kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja mulika. Hupungua ikiganda, na ukiijaza yote kwa mkupuo itauvuta ukingo wa fizi.

Ng'arisha, toa uzi, kisha pitisha chuma chenye ncha ukingoni, kwenda na kurudi. Kikikwama kikitoka kwenye mzizi kuingia kwenye kijazo, kijazo kimezidi, kipunguze. Kikikwama kikitoka kwenye kijazo kwenda mzizini, hapo pana upungufu. Rudisha uzi mahali pake, tuanze tena.