Matabaka Yakae Pahali Pake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmeshatembea Shimba Hills, na sasa mnaulizia Mlima Kasigau kule Taita Taveta. Nimeombwa nieleze namna ya kujitengenezea ramani ya safari kama hiyo kwa QGIS, programu ya bure. Naanza na jambo ambalo watu huliruka.

Zile karatasi za zamani za serikali, za kipimo cha 1:50,000 (milimita 1 ni mita 50 ardhini), zilipimwa kwa msingi wa kupimia mahali uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukiiskani karatasi ukailaza juu ya picha ya setelaiti bila kuijulisha programu tofauti hiyo, kila kitu kinasogea takriban mita 300 kaskazini au kusini. Kwenye karatasi hizo ni milimita 6 tu. Mlimani ni hatari: njia iliyo salama inaonekana imepita kwenye jabali. Kwa hivyo unapoifunga ramani kwenye viwianishi, yaani namba za mahali, chagua mfumo wa Arc 1960 / UTM 37S, namba 21037 kwenye orodha ya programu, kisha tafuta njia panda ya zamani uone kama inalaliana na ile ya kwenye picha. Kabla ya hapo, tafadhalini, msiongeze tabaka jingine, yaani safu nyingine ya ramani juu ya hiyo.

Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, tutazichora kutokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga cha Endeavour, vya Februari 2000. Data hiyo ina kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi, basi kuchora kontua kwa kila mita 5 za kwenda juu ni kujidanganya. Tena msituni rada ilipima karibu na vilele vya miti, na ukingo wa msitu wa Shimba waweza kuonekana kama mteremko. Mita 20 zatosha. Kontua zikikaribiana milimita 1 kwenye 1:50,000, unapanda mita 20 kwa kila 50 za kwenda mbele, na mapaja yatakwambia.

Katika kupanga matabaka, kivuli cha milima, kinachoonyesha miinuko, kiwe chini kabisa, kimefifia. Kontua za kahawia juu yake. Njia za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, juu ya yote.

Tabaka ninalolithamini zaidi ni la maji, na hilo mtalijaza wenyewe. Mstari wa buluu haukwambii kijito hukauka mwezi gani. Waulizeni wenyeji wa Rukanga, chini ya mlima, kisha kila nukta iandikieni mwezi mliotajiwa.

Haya, washeni kompyuta. Tunaanza na viwianishi.