Nani Alikuambia Umeze Hizo?

Asanteni. Walionisikia Kisumu wanajua nitaanzia wapi, na wakitaka kwenda kunywa chai, waende sasa.

Leo ni habari ya homoni ambazo transijenda hutumia kubadili mwili, na naanzia kwenye tembe za kupanga uzazi, maana wapo wanaozimeza kwa ajili ya estrojeni, homoni ya kike, iliyomo. Dada mmoja, transijenda, yaani alizaliwa akahesabiwa mvulana, alinijia kliniki akichechemea. Shavu la mguu wa kushoto limevimba, lina joto, ngozi imevutika hadi inang'aa. Ametoka Mombasa kwa basi la usiku. Nikamuuliza anatumia nini. "Tembe, sista." Ngapi? "Nne kwa siku." Nani alikuambia umeze hizo? "Rafiki yangu."

Sasa sikilizeni hizo nne zilikotoka, maana hapa ndipo watu hunikatiza wakidhani nimemaliza. Alianza na moja. Baadaye akaenda maabara kwa pesa zake, akapima estradioli, estrojeni ya asili ya mwili. Majibu: iko chini kabisa. Rafiki akasema ongeza. Akaongeza, akapima, bado iko chini. Akaongeza tena. Kumbe estrojeni ya tembe zile ni ethinilestradioli, ya kutengenezwa, na kipimo cha kawaida cha estradioli hakiioni. Mwili umejaa, karatasi inasema ni mtupu! Tena ini huchelewa kuivunja, na muda wote huo linachochewa kutoa protini zinazogandisha damu. Ndiyo maana miongozo ya tiba hii ya homoni haiitaki tena, ukiwemo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa 2017. Inayotolewa ni estradioli yenyewe, na anayevuta sigara au aliyevuka miaka 45 mara nyingi huelekezwa kwenye bandiko la ngozi. Dada yule alipona, lakini alimeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi.

Rafiki yake hakuwa mtu mbaya. Alizimeza zilezile miaka miwili, hakudhurika. Ushahidi aliokuwa nao ni miguu yake miwili, basi.

Najua mnachotaka kusema: "Sista, hao madaktari wenyewe ndio wanaotuhubiria." Kweli, nimewaona. Mgonjwa kaja kupimwa presha, anaondoka na aya ya Maandiko. Mimi sisemi umwamini kila mwenye koti jeupe. Nasema umuulize: unafuata mwongozo gani, na utanipima nini kabla ya dozi ya kwanza? Akijibu "sijui, nipe wiki nisome," huyo mshike. Akikuandikia dawa dakika hiyohiyo bila kuuliza kama kwenu yuko aliyewahi kuganda damu, shika mlango.

Na msiniambie miongozo ni mambo ya Wazungu. Ule wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya transijenda, toleo la 8 la 2022, sawa, ni mnene na una harufu ya kwao. Lakini wenzetu wa Afrika Kusini waliandika wa kwao 2021, kupitia Southern African HIV Clinicians Society, chama cha wahudumu wa afya wanaotibu VVU. Unasomwa bure kwenye intaneti. Chapisha, mpelekee daktari wako. Asiponuna, mmeanza vizuri.

Testosteroni, homoni ya kiume, nilitaka kuipa nusu saa, ona sasa muda umekwisha. Kaka zangu transijenda mnaoitumia, sauti ikishuka hairudi. Damu inaweza kuwa nzito mno, kwa hiyo ipimwe, kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Hedhi kukatika si kinga ya mimba. Na nyote, wa upande huu na ule, suala la kuzaa liulizeni kabla ya kuanza, si baada. Habari za walio chini ya miaka 18 leo siingii. Huko madaktari wenyewe wanabishana, Uingereza 2024 ilisitisha kutoa kwa kawaida dawa za kuchelewesha balehe, na anayekuambia hakuna ubishi ana kitu anachokuuzia.

Halafu, tafadhali, ukiulizwa kliniki unameza nini, toa pakiti. Usituambie "ile ya pinki". Za pinki ni nyingi.