Kutoka Juu Sikukuona: Pikapu Zilizoinuliwa na Sisi wa Baiskeli

(Mhadhara uliotolewa Jumamosi asubuhi mbele ya waendeshaji baiskeli, Nairobi)

Hamjambo nyote. Naona wengine bado mnafunga baiskeli pale kwenye uzio. Fungeni vizuri, mji huu tunajuana nao. Na hiyo pikapu nyeusi iliyoegeshwa karibu na lango isiwatie hofu. Ni ya shemeji yangu. Nimeiazima kwa sababu nitaihitaji baadaye, naye ameniapisha isirudi na mkwaruzo hata mmoja.

Walioniita nije nizungumze juu ya "yale magari marefu yanayotusukuma mtaroni" walidhani wanamwita mtu wa baiskeli. Si uongo. Kila siku ya kazi natoka Kangemi, nateremka Waiyaki Way, napita Museum Hill, nashika Uhuru Highway mpaka Nyayo, halafu najipenyeza hadi Enterprise Road. Lakini kabla ya baiskeli nilikuwa dereva kwa miaka kumi na mmoja, na sita kati ya hiyo niliendesha Land Cruiser iliyoinuliwa, nikipeleka vifaa Marsabit na North Horr. Kwa hiyo mkinisikia leo nikitetea upande huu na ule, mnivumilie. Nimekula kwenye sahani zote mbili.

Niwaambie kwanza kwa nini gari linainuliwa, maana wengi wetu tunadhani ni majivuno tu. Ukipita kwenye mawe meusi ya Marsabit, jiwe moja likiguswa na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote inabaki chini na wewe unabaki nayo. Jangwa la Chalbi likinyeshewa, lile tope linalishika gari la chini kama mama anavyomshika mtoto mtundu. Huko springi ndefu, shokomzoba nene na tairi pana si urembo. Fundi wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, anakuinulia gari ili urudi nyumbani.

Shida yangu ni ile pikapu ya mtaa wa Kilimani, hapa mjini, ambayo tope imeliona kwa mwenye kuosha magari peke yake.

Sasa nikiri. Asubuhi moja nilikuwa nimeileta ile Cruiser Nairobi kwa sevisi. Nilikuwa Industrial Area, nikikata kushoto kuingia lango la kazini. Nikatazama kioo cha pembeni, sikuona kitu, nikakata. Nikasikia sauti kama ya mtu aliyekalia kreti ya mayai. Nikashuka. Alikuwa muuza mikate, mnawajua, wale wenye baiskeli nzito za Black Mamba na boksi kubwa nyuma. Alikuwa ameshuka akiisukuma baiskeli, ameinama kwa uzito wa boksi, na aliponisikia nikikata aliruka pembeni. Yeye mzima. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjwa kama chapati, na mikate ilikuwa chini ya tairi langu.

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliniambia hivi: "Mzee, si ulinigeuzia uso? Nikajua umeniona."

Kweli niligeuza uso. Niliugeuzia kioo. Yeye akaona macho ya mtu yanakuja upande wake, akaamini amesalimika. Nilimlipa gurudumu na mikate. Kazini wakaandika ripoti kwamba mwenye baiskeli "alijitokeza ghafla", wakaniletea niweke sahihi. Nikaweka. Hakujitokeza ghafla, alikuwa pale muda wote. Ile sahihi imenileta hapa leo kuliko kitu kingine chochote.

Alikuwa wapi basi? Hapa Kenya dereva anakaa kulia, sisi tunakanyaga kushoto ukingoni. Maana yake mwenye baiskeli daima yuko upande ule wa mbali na macho ya dereva. Kwangu mimi, kati yangu na yule kaka kulikuwa na turniboi wangu, msaidizi wa gari, ameketi, nguzo nene ya kioo cha mbele, kioo cha pembeni kikubwa kama sinia, na chini yake mlango mrefu. Nyuma ya hivyo vyote palikuwa na nafasi ya kumficha mtu mzima, baiskeli yake na mikate ya mtaa mzima.

Mbele nako kuna mambo. Leo alfajiri nilikaa kwenye usukani wa hiyo pikapu ya shemeji, nikamwambia mwanangu aweke jerikeni ya lita 20 mguuni mwa bampa, halafu aisogeze mbele hatua moja moja. Hatua ya kwanza, sioni. Ya pili, sioni, namwona yeye tu kuanzia kifuani. Ya tatu, bado. Kifuniko nilikiona hatua ya nne. Mwanangu ana miaka kumi na minne na si mfupi. Yule wa miaka minne mwenye kibaiskeli cha magurudumu ya pembeni ndiye hiyo jerikeni.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwapendeza, maana nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Springi zenyewe hazifichi sana. Ukiinua gari sentimita kumi, na jicho la dereva linapanda sentimita kumi, kwa hiyo eneo lililofichika mbele linaongezeka kidogo tu. Kinachoficha hasa ni boneti yenyewe: urefu wake na ule uso wake uliosimama wima kama ukuta. Mtu mwenye pikapu ya boneti ndefu ambayo haijaguswa na fundi yeyote asikae hapo akitikisa kichwa kwamba namsema jirani yake.

Kuinua kunabadilisha mambo mengine. Kwanza, mahali unapogongwa. Gari dogo kama Vitz linakugonga mguuni na nyongani, unaangukia juu ya boneti. Unaumia, lakini unapanda. Uso mrefu unakugonga kiunoni na kifuani, na mwili haupandi. Unasukumwa chini, na chini kuna magurudumu. Wamarekani wamelipima hili. Mwaka 2023 taasisi yao ya bima inayochunguza usalama barabarani, IIHS, iliangalia ajali za watembea kwa miguu karibu 18,000. Magari yenye boneti ya juu kuliko sentimita 102 hivi yalikuwa na uwezekano wa kuua mkubwa kwa asilimia 45 kuliko yale ya boneti fupi iliyolala. Hao ni watembea kwa miguu. Taasisi hiyo hiyo ilipogeukia ajali za baiskeli na magari ya SUV, ilikuta jambo la ukoo mmoja: waendeshaji huangushwa chini, na vichwa ndivyo vinavyolipa.

Pili, taa. Hili nalionea uchungu kila jioni. Mtu anainua gari mbele, anawasha, anaenda. Hakuna aliyezielekeza taa upya. Mwanga uliokuwa unalala kwenye lami sasa unaingia moja kwa moja kwenye macho ya aliyekaa juu ya baiskeli. Ukienda kilomita 20 kwa saa na ukapofuka kwa sekunde mbili, umekwenda mita kumi na moja bila macho. Kwenye Waiyaki Way, mita kumi na moja zinatosha kukutana na shimo, kifuniko cha mtaro kilichoibwa na boda anayekuja kinyume, vyote kwa mpigo.

Tatu, na hili madereva wengi hawalijui, tairi kubwa hudanganya mita ya mwendo. Ukiweka tairi yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia kumi kuliko ya kiwandani, mita ikisoma 50 wewe uko 55. Mtu anaapa mbele ya polisi kwamba alikuwa ndani ya sheria, na moyoni anaamini.

Wengine mtaniuliza, je, wabaya hawapo? Wapo. Septemba 2021, karibu na Houston, Texas, kijana wa miaka 16 mwenye pikapu aliwagonga waendeshaji baiskeli sita waliokuwa mazoezini. Wenzao walieleza kwamba kabla ya hapo alikuwa akiwamwagia moshi mweusi. Huo ni mchezo kabisa kule: watu huharibu mfumo wa injini ya dizeli makusudi ili itapike moshi. Colorado ililazimika kutunga sheria ya kuukataza mwaka 2017. Na mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi aliyenolewa kwenye vilima vya Kikuyu, alieleza Mei 2017 jinsi dereva asiye na subira alivyomfuata kule Ulaya na kumgonga makusudi. Baiskeli ilikwisha, yeye akanusurika. Wakati huo alikuwa ameshashinda Tour de France mara tatu. Ubingwa si bampa.

Kwetu yale madude ya Kimarekani yenyewe hayajai, kwa sababu magari yao usukani uko kushoto na sheria zetu za uagizaji zinataka usukani wa kulia. Mtindo ndio umeingia, umepitia kwenye simu. Kijana anaona pikapu ya Carolina iliyoinuliwa pua, matako chini, anataka Hilux yake ifanane. Angejua kwamba North Carolina kwenyewe waliupiga marufuku mtindo huo wa pua juu kuanzia Desemba 2021, kwa sababu dereva anabaki akitazama mawingu, pengine angebakiza pesa zake.

Kabla ya leo niliwauliza wenzetu barabarani wanaonaje. Sikupata jibu moja, na afadhali. Kijana anayepeleka vyakula Westlands aliniambia pikapu hazimsumbui. Anayemsumbua ni matatu, kwa sababu pikapu inakupita mara moja lakini matatu inakupita, inasimama, unaipita, inakupita tena, mpaka mnakuwa kama mke na mume. Mama mmoja anayetoka Kawangware na baiskeli ya mtoto wake mkubwa alisema anaogopa kioo cha pembeni kuliko gari. Kwenye gari la kawaida kioo kiko usawa wa kiwiko; kwenye lililoinuliwa kiko usawa wa sikio. Sikuwahi kulifikiria hilo miaka yote sita niliyokivaa kioo hicho. Na mzee mmoja wa Mukuru, aliyekanyaga tangu enzi za boda boda kuwa baiskeli za pale mpakani Busia, alinicheka: "Nyinyi mnalia na gari, mimi nalia na barabara." Ana hoja. Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27, ilipofunguliwa mwaka 2022, baiskeli haikuruhusiwa juu, na sitaki kuruhusiwa. Ila chini yake, katikati ya nguzo na mitaro, utafute njia ya baiskeli inayoendelea bila kukatika, kisha uniite nije nione.

Ninachobishana nacho ni jaketi. Kila mkutano wa usalama tunaoalikwa, tunaondoka na jaketi la kung'aa na nasaha za kuonekana. Ninalo, ninalivaa, lipo hapo mgongoni mwa kiti. Usiku linasaidia sana. Lakini yule muuza mikate angevaa hata taa za uwanja wa Kasarani, mimi nisingemwona. Jicho langu halikufika alipokuwa. Unapomwambia mtu aonekane mahali ambapo gari limejengwa lisione, umeshaandika ile ripoti ya "alijitokeza ghafla" kabla hajagongwa.

London wameanza kuligeuza swali hili. Lori la zaidi ya tani 12 halizunguki mjini bila kibali, na kibali kinaangalia dereva anaona kiasi gani kwa macho yake, moja kwa moja kupitia vioo vya kabini. Walipoanza kubana mwaka 2021, walimwuliza mwenye lori, hawakumwuliza mwenye baiskeli amevaa rangi gani. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndio wenye ukaguzi wa magari hapa kwetu. Gari lililoinuliwa likirudi barabarani, taa zake zipimwe, mita yake ipimwe, na akae mtu kwenye usukani aseme jerikeni ameiona hatua ya ngapi. Kuelekeza taa ni bisibisi, ukuta na dakika kumi. Fundi yule yule aliyekuinulia anaweza.

Na sisi tulio chini, hadi hapo patakapobadilika: kwenye taa za barabarani usisimame kwenye kona ya kushoto mbele ya pikapu. Kaa nyuma yake, au nenda mbele hatua zaidi ya nne. Na uso wa dereva ukigeuka kwako, usiuamini. Ngoja afanye kitu: apunguze mwendo, apungie mkono, hata apige honi ya hasira. Honi ya hasira ni habari njema, amekuona.

Maswali tutayapokea nje, kwa sababu nimeongea vya kutosha na jua halijawa kali. Naomba watu wawili wenye leseni, ikiwezekana mmoja mrefu na mmoja mfupi, waje wakae kwenye usukani kwa zamu. Kuna msichana pale nyuma amekuja na kibaiskeli chekundu. Mama, utuazime dakika tano, injini imezimwa na funguo ninazo mimi mfukoni. Na wewe kaka wa Black Mamba, ulete na boksi lako. Usilitoe mikate.